Mkwe wa Majini wa Mama Binapani

Mama Binapani Chakladar alifika kwenye meza ya Fotik Kundu Jumapili moja ya mvua, akafunga mwavuli wake, akaukung'uta maji juu ya samaki wa watu, kisha akasema, "Mtembeze nimwone."

"Nimtembeze nani, Mama Mdogo?"

"Huyo msichana." Ncha ya mwavuli ilikuwa imemwelekea chura.

Fotik alianza biashara katika soko lile la kando ya mfereji, kaskazini mwa Kolkata, akiwa na ndoo moja kichwani. Sasa alikuwa na meza, na juu ya meza turubai, na kwenye turubai matundu. Alishauza samaki kwa majaji na kwa wezi, na wote walitaka kupunguziwa. Lakini hakuna aliyewahi kumwomba amtembeze chura.

Chura mwenyewe alikuwa jike, mpana kama kiganja, mweupe kama wali, macho mekundu. Ni wale ambao asili yao ni Afrika, wanaoishi ndani ya maji siku zote, hawana ulimi, na vidole vya miguu ya nyuma vina kucha.

"Huyu hatembei, Mama Mdogo. Anaogelea."

"Basi aogelee."

Fotik akagonga ndoo. Chura akaogelea huku na huko kwa uvivu. Mama Binapani akainama akamkagua mbele na nyuma, jinsi mama wa bwana harusi anavyomkagua binti wa watu aliyeletwa sebuleni na sinia ya chai.

"Ana kelele?"

"Jike huyu, Mama Mdogo. Anayepiga kelele ni dume."

"Hilo nalijua, dume ninaye. Huyu je, amewahi kuposwa?"

"Hajaposwa."

"Kwa nini? Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro! Amefika juzi."

"Mbona ana kucha?"

"Za kujishikilia."

"Hata mimi nilikuwa nazo," alisema Mama Binapani. "Nilipoolewa nikazikata."

Habari ikatoka kidogo kidogo. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye mitambo ya simu, wakati ule ambapo ukitaka kuzungumza na mtu wa mji mwingine ilibidi mwanamke fulani akuunganishe kwa waya. Mwanamke huyo ndiye alikuwa yeye. Sasa yuko nyumbani, na nyumbani kuna chura dume anayeitwa Bhombol, ambaye tangu mvua zianze anapiga kelele chini ya maji usiku kucha.

"Analia tri-tri-tri, kama simu isiyopokelewa. Na mimi, mwanangu, simu isiyopokelewa siwezi kuivumilia. Nataka kumwoza."

Wakaanza bei. Mama Binapani alisema chura ni mweupe mno, watu watadhani ni mgonjwa. Fotik akasema weupe ndio unaotafutwa. Mama Binapani akasema unatafutwa kwa wanawake. Walipokuwa wamefika karibu nusu ya bei, na Fotik akiwa tayari kumrudisha chura chini ya meza kwa hasira, ndipo alipouliza, kwa desturi tu, chura atakaa kwenye tangi gani.

"Tangi la baba mkwe wangu. Fremu ya chuma, kioo kinene kama kidole gumba, limekaa juu ya meza ya marumaru. Watu wanne hawalibebi."

Masikio ya Fotik yakasimama. Kulikuwa na mwenye hoteli mmoja pale Shyambazar aliyekuwa akitafuta tangi la zamani la aina hiyo, aliweke mlangoni, wateja waone kwamba hoteli yake ina ukoo. Alikuwa amemwahidi Fotik kwamba akimletea, atampa kibanda kilicho ubavuni mwa hoteli, chenye mlango wa kufunga na paa la zege. Fotik aliitazama ile mvua iliyokuwa ikimdondokea shingoni kupitia tundu la turubai.

"Mama Mdogo," alisema kwa sauti ya asali, "usihangaike kumbeba. Nitamleta mwenyewe."

Nyumba ya Chakladar ilikuwa Bagbazar, kwenye kichochoro ambamo watu wawili wakikutana, lazima mmoja awe na adabu. Tangi lilikuwa chumba cha mbele, na lilikuwa zuri kuliko lilivyosifiwa. Majani yalikuwa yameota mpaka juu, mawe yamevaa ukoka wa majini, maji yametulia. Ndani mlikuwa na samaki mmoja mzee, mnene, wa rangi ya dhahabu, aliyeitwa Shangazi Mkubwa. Kulikuwa na kundi la vidagaa wenye mikia myekundu walioitwa Wajukuu. Na chini ya jiwe, kama mtu anayengoja pensheni, alikaa Bhombol, wa kijivu, mdogo kuliko mchumba wake.

"Humu kila mtu anajua mahali pake," alisema Mama Binapani. Mumewe alikuwa kwenye kiti, nyuma ya gazeti, na katika habari hii yote hatatoka huko.

Penye kizingiti palikuwa na sinia ya shaba yenye maziwa yaliyotiwa ile rangi nyekundu wanayopaka wanawake miguuni. Bibi harusi akiingia kwa wakwe mara ya kwanza hukanyaga humo, kisha hutembea na kuacha nyayo nyekundu mpaka ndani. Kando ya sinia alisimama mwanamke kijana, mikono imelowa sabuni ya vyombo. Huyu alikuwa Tultul, mke wa mtoto wa pekee wa nyumba ile. Yeye na mumewe walikuwa wamefunga ndoa ofisini mbele ya msajili, bila kumuuliza mtu, na Tultul aliingia nyumbani humo siku ya Jumanne akiwa na sanduku lake, akafunguliwa mlango na mfanyakazi.

"Mama," Tultul aliuliza taratibu, "hiyo sinia si ndiyo iliyokuwa imefungiwa kabatini?"

"Ndiyo. Ilikuwa inangoja."

"Ilikuwa inangoja chura?"

"Ilikuwa inangoja harusi yenye heshima."

Fotik aliona mkono wa Mama Binapani ukielekea kufungua mfuko wa plastiki wenye chura. Akaruka. "Usimtie humo, Mama Mdogo! Chura anapumua kwa ngozi. Ukimpaka rangi unamuua."

"Bibi harusi aingie na miguu mikavu? Kwenye nyumba hii?"

Tultul akaugeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Wakabishana, mwisho wakaafikiana kwamba mfuko wenyewe ndio utakaokanyaga. Fotik Kundu, mtu mzima mwenye masharubu, akauchovya mfuko kwenye maziwa, akaenda ameinama, akigonga sakafu hatua kwa hatua, akiacha miduara myekundu kutoka kizingitini mpaka tangini. Mama Binapani akapuliza kombe la bahari, akapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akachungulia kuuliza nani kaolewa. Bibi harusi akapewa jina: Chompa.

Kisha Fotik akaeleza utaratibu, na kwa hili alikuwa mkweli. Tangi la zamani halipokei mgeni siku hiyo hiyo. Mgeni hukaa peke yake kwenye ndoo kwa mwezi, ionekane kama ana ugonjwa.

"Mwezi!" Mama Binapani alishika kiuno. "Desturi yetu ni usiku mmoja. Bwana na bibi harusi wasionane usiku wa kwanza, basi. Hata mimi nilikaa usiku mmoja."

"Wewe hukutoka sokoni, Mama Mdogo."

"Mkwe wangu akae mwezi mzima kwenye ndoo! Watu watasema tumemzuia mpaka kwao watoe mahari."

"Nusu mwezi."

"Usiku mmoja, na asubuhi yake mpaka saa ya chai. Siongezi."

Fotik alikuwa amewahi kubishania kila kitu isipokuwa siku za chura kukaa ndooni, na hapo ndipo akili ya biashara ilipomwamkia. Kulikuwa na jambo jingine alilolijua. Chura jike wa ukubwa ule humeza chochote kinachoingia mdomoni, akikisukuma kwa mikono yake miwili kama mtu mwenye njaa kwenye mualiko, na wale Wajukuu wangeingia vizuri sana. Alikuwa ameulizwa juu ya sauti, weupe, kucha na uchumba. Juu ya hamu ya kula hakuulizwa.

"Basi fanya utakavyo," alisema. "Lakini sikuuzii tena. Chura nakupa bure. Minyoo ya kumlisha nitaleta mwenyewe kila Jumapili, bure, mpaka siku ngoma za sikukuu ya Durga zitakapoingia kichochoroni. Siku hiyo tutahesabu walio ndani ya tangi. Wakiwepo wote, tumeachana salama. Akipungua hata mmoja, tangi langu."

Mama Binapani aliinamisha kichwa, kama anayesikiliza waya wa simu. "Bure?"

"Bure."

"Minyoo hai?"

"Hai kabisa."

"Nimekubali."

Tultul alilitazama kundi la Wajukuu. Akautazama mdomo wa Chompa. Kisha akamtazama Fotik, na Fotik hakuyapenda macho yale.

Tangu hapo kila Jumapili Fotik alimwachia meza mkewe Parul, akaenda Bagbazar na kopo la minyoo. Jumapili ya kwanza aliinama mbele ya kioo akahesabu. Wajukuu walikuwepo wote. Jumapili iliyofuata, wote. Akahesabu kutoka kushoto, akahesabu kutoka kulia.

"Umekuja kulisha au umekuja kuandikisha watu wa sensa?" Mama Binapani alimuuliza.

"Naangalia afya zao, Mama Mdogo."

"Wana afya. Kila wiki naona wanazidi kuwa wachangamfu, kama wameingia leo."

Chompa alikuwa akinenepa. Ubavu umejaa, tumbo limemzidi, anazama kama gunia. Fotik alijua minyoo yake haiwezi kumtia mtu kitambi kile. Aliipima kwa ubahili mkubwa. Huyu alikuwa akila nyama. Basi mbona nyama haipungui? Usiku alikuwa akigeuka kitandani akiwaza, na Parul akimwambia lala, mvua ikinyesha kesho mwenye kushika turubai ni wewe.

Alipofika Jumapili nyingine, Mama Binapani alimvuta mlangoni, akanong'ona, "Mkwe wangu ana mimba."

Fotik akamtazama Tultul.

"Si huyo! Chompa. Huoni tumbo?"

Fotik alijua kilichokuwemo tumboni, akatoa pongezi. Mwanamke mwenye mimba katika nyumba kama ile hupikiwa karamu yake kabla ya kujifungua, na Mama Binapani hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Mbele ya tangi kulikuwa na mkeka, juu ya mkeka sahani kubwa: vitu vitano vya kukaanga, kichwa cha samaki, kamba wa nazi, wali wa maziwa uliopikwa mpaka ukawa mzito. Alichota wali kidogo kwa kidole, akauonyesha kwenye kioo.

Chompa akageuza mgongo. Wakati huo huo Bhombol, ambaye tangu aozwe alikuwa hajamgusa mkewe hata kwa bahati mbaya, akachomoka chini ya jiwe, akapita kando ya bibi harusi wake bila salamu, akamkumbatia Shangazi Mkubwa kiunoni kwa mikono miwili.

"Bhombol!" Mama Binapani alipiga kelele. "Na shangazi yako! Mbele ya mgeni!"

Shangazi Mkubwa alizunguka tangi zima na mzigo wake, akitweta. Roho ya Fotik ikaruka kwa furaha. Samaki mzee, mapezi yamebanwa. Saa moja hivi na paa la zege ni lake. "Msiwaguse, Mama Mdogo," alisema haraka. "Mambo ya ndani hayo, wataachana wenyewe."

"Shika hiki, kaka," alisema Tultul, akamtupia kitambaa. Akakunja pindo la sari, akaingiza mpini wa mwiko majini, akaupenyeza kwapani mwa Bhombol, akambandua. Shangazi Mkubwa akakimbilia kwenye majani.

"Na chakula hiki?" Mama Binapani aliuliza, akitazama sahani kwa uchungu. "Chakula cha heshima hakitupwi. Lazima mwanamke wa nyumba akile."

"Nitajitolea, Mama," alisema Tultul, akaketi mkekani. Alianza na kamba.

Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu Fotik alikuwa akipanga mifuko mezani, akaona tangi la vidagaa wenye mikia myekundu limebaki karibu tupu.

"Hawa wanakwenda wapi?" alimuuliza Parul.

"Si kuna yule binti? Kila Jumapili ukigeuza mgongo tu, huyu hapa, na akishapata anaondoka kwa riksha mbio mbio. Tena mkorofi wa bei huyo! Juzi karibu nimlipe mimi ili aondoke."

Fotik alikaa juu ya ndoo. Kisha akabeba kopo lake la minyoo, akamuaga mkewe kwa sauti ya kusikika, akazunguka, akajificha nyuma ya vizimba vya kasuku. Haukupita muda, Tultul akatokea na kikapu cha mboga. Akaketi akachagua, huyu mdogo, huyu mkia umechanika, na alipoinuka akakuta masharubu ya Fotik mbele yake.

"Shemeji," alisema Fotik, "unaniibia tangi langu kwa samaki wangu mwenyewe."

"Nimeiba? Si nimelipa? Muulize mkeo."

"Tulisema akipungua hata mmoja—"

"Mlisema siku ya ngoma mtahesabu. Nilikuwa nimesimama pale pale, mikono ina sabuni, masikio hayana." Akafunga kikapu. "Na wewe ulijua tangu mwanzo kwamba yule dubwana anakula watu. Nimwambie Mama leo, au nisubiri vigelegele vya sikukuu vipite?"

Fotik akaweka kopo la minyoo chini. Kichwani alimwona Mama Binapani akija sokoni na mwavuli, akisimulia habari hiyo mezani kwake, mbele ya wateja, kwa ile sauti iliyozoea kusikika mpaka Delhi.

"Lakini wewe unapata nini?" aliuliza. Hili lilikuwa limemkera zaidi ya hasara. "Yule mama hakukupokea hata kwa kikombe cha maji. Chura kapigiwa kombe. Ungeacha tangi liondoke, ungecheka."

"Likiondoka, atamwangalia nani?" Tultul alimsogelea. "Kaka, kabla ya Chompa alikuwa akinionjea chumvi, akinipimia saa ya kuoga, akiniuliza nyanya yangu alitoka wilaya gani na kwa nini. Sasa kutwa nzima pua iko kwenye kioo. Mkwe wake yuko majini. Mimi wa nchi kavu nimepumzika, nasikiliza redio. Unajua thamani ya redio, wewe?"

Fotik alikuwa mtu wa kupima vitu. Akalipima na hilo, akaona lina uzito.

Siku ngoma zilipoingia kichochoroni, Fotik alikwenda kuhesabu kwa sababu makubaliano ni makubaliano. Wapiga ngoma walikuwa mlangoni, manyoya meupe yakicheza juu ya ngoma, vioo vya dirisha vinatetemeka. Shangazi Mkubwa alikuwepo. Bhombol alikuwepo, amelala. Chompa alikuwepo kwa wingi. Wajukuu walikuwepo wote, wachangamfu, kama wameingia asubuhi hiyo. Na waliingia asubuhi hiyo.

"Wametimia," alisema Fotik. Neno lilimtoka kama jino.

Mama Binapani alimpa peremende za maziwa kutoka kwenye ile sinia ya shaba, baada ya kumpa Tultul kwanza. Kisha akamsindikiza mpaka nje, akangoja ngoma zipande, akasogeza mdomo sikioni kwake.

"Wajukuu wa wiki hii mikia mifupi. Wa wiki iliyopita walikuwa bora."

Fotik alidhani amesikia vibaya kwa sababu ya ngoma. Hakuwa amesikia vibaya.

"Mwanangu, mimi nimekaa kwenye mitambo ya simu miaka yote. Kazi yangu ilikuwa kusikia pande zote mbili na kunyamaza. Utanificha nini kwenye tangi ambalo nalitazama kutwa?"

"Basi ulijua wamekwisha! Basi tangi—"

"Tangi nini? Ulinipa mla watu ukamwita bibi harusi. Unataka tuyaseme hayo sokoni?"

Fotik hakutaka.

"Msichana anatoka mvua ikinyesha kila Jumapili kuipigania nyumba hii," aliendelea Mama Binapani. "Sikumjua kama ana meno. Lakini hela anatoa kwenye kikapu cha mboga, na mchuzi wetu umekuwa maji matupu. Baba mkwe wake kule nyuma ya gazeti ameanza kuguna. Kwa hiyo samaki nitalipa mimi. Wewe mwambie bei imeshuka. Na asijue kwamba najua. Akijua ataacha, nami nitaanza tena kuangalia chumvi yake. Nimechoka na chumvi."

Fotik aliondoka mle kichochoroni na moyo mwepesi kuliko alivyostahili. Tangi lilikuwa limemponyoka, kweli. Chura alikuwa amekwenda bure, na minyoo ya miezi yote ya mvua. Mwenye hoteli wa Shyambazar, Fotik alikuja kumuuzia tangi jipya lililopakwa kutu ya bandia, naye akalipenda sana, ila kibanda akampa shemeji yake. Lakini Chompa alikuwa bado anakula, na samaki wale wale sasa wangelipiwa na wanawake wawili, kila mmoja kwa siri ya mwenzake. Kulipwa mara mbili kwa samaki mmoja: tangu siku za ndoo hakuwahi kuota biashara kama hiyo.

Jumapili iliyofuata akaja Tultul kwanza. Alikuwa ameambiwa bei imeshuka, akataka kujua kwa nini isishuke zaidi, akakaba mpaka ikafika nusu. Baadaye kidogo akaja Mama Binapani na mwavuli, akaukung'uta maji juu ya samaki wa watu, akatafuta kasoro kwenye mikia, na yeye pia hakuondoka mpaka ikafika nusu.

Jioni Fotik aliziweka zile nusu mbili pamoja kiganjani. Zilitimiza bei ya kawaida ya samaki, bila ziada hata ya sindano ya kushonea turubai.